Jua Ni Lile Lile: Mazungumzo ya Ufukweni Kibirizi, Kigoma

(Maneno haya yalizungumzwa mbele ya wavuvi, kina mama wa dagaa, walimu na wanafunzi, ufukweni Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, mwanzoni mwa Oktoba. Tumeyaandika yote kwa ajili ya waliokuwa ziwani au safarini. Michoro ya ubaoni tumeiacha.)

Mwakeye!

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu wa dagaa, wavuvi mliokesha ziwani na bado mkaja hapa badala ya kwenda kulala, walimu, wanafunzi: hamjambo? Karibuni tukae.

Kabla ya kukaa, vueni viatu. Ndiyo, hata wewe mwalimu. Simameni peku juu ya mchanga huu mpaka nihesabu kumi. Moja, mbili, tatu... Naona wengine mmeshaanza ngoma na nne haijafika! Haya, kimbilieni majini. Sasa niambieni: kutoka pale mlipokuwa mnaungua mpaka hapo mnapojisikia raha ni hatua ngapi? Kumi? Kumi na mbili? Je, jua linalopiga mchanga ni jingine na linalopiga maji ni jingine? Jua ni lile lile. Limechomoza asubuhi moja, nyuma ya vilima vile vile. Kwa nini basi hapa panaunguza na pale panapoza?

Ukilijibu swali hilo vizuri umejibu mengi: kwa nini upepo wa mchana unatoka ziwani na wa usiku unatoka milimani, kwa nini Oktoba inatutesa kuliko Machi, kwa nini kahawa inapenda vilima vya Manyovu na mchikichi unapenda huku bondeni, na kwa nini dagaa wa mama mmoja wanakauka siku moja na wa jirani yake wananuka.

Mnaona yale mabeseni mawili karibu na mtumbwi uliopinduliwa? Yanalingana ukubwa na rangi. Moja lina kilo tano za maji ya ziwa, la pili lina kilo tano za mchanga mkavu. Yako juani tangu saa tano kamili, juu ya gunia lililokunjwa ili yasipate moto wa chini. Kila moja lina kipimajoto ambacho ncha yake imezamishwa sentimita moja chini ya uso. Mbona hatukukiacha juu? Kwa sababu kipimajoto kilichoachwa wazi juani hakipimi hewa wala mchanga, kinajipima chenyewe. Watu wa hali ya hewa huvificha vipimajoto vyao ndani ya kibanda cheupe chenye kuta za luva, hewa ipite na jua lisiingie, kimo cha mita moja na robo hadi mbili kutoka chini. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba Kigoma leo ni nyuzi 30, wanasema joto la hewa kivulini. Mchanga ulioukanyaga sasa hivi ni habari nyingine. Mchanga mkavu kwenye jua la mchana unaweza kupita nyuzi 50. Watoto, msiyaguse mabeseni. Tutayasoma mwishoni.

Tuanze na jua lenyewe.

Liko mbali kiasi cha kilomita milioni 150, na mwanga wake unasafiri dakika 8 na sekunde 20 kutufikia. Huko juu kabisa, kabla ya kugusa hewa yetu, kila mita mraba inayolitazama jua moja kwa moja inapokea wati 1,361. Hiyo ni kama pasi moja ya umeme iliyowashwa kwenye kila mita mraba. Lakini si zote zinafika chini. Takriban asilimia 30 inarudishwa angani na mawingu, vumbi na vitu vyeupe. Sehemu nyingine, zaidi kidogo ya asilimia 20, inanyonywa na hewa na mawingu. Iliyobaki, karibu nusu, ndiyo inayoingia ardhini na majini. Kwa maneno mengine, jua linapasha ardhi kwanza, kisha ardhi ndiyo inayopasha hewa. Mkumbuke mpangilio huo, tutauhitaji tukipanda mlimani.

Sasa, watu wengi wanadhani penye joto ni pale palipo karibu na jua. Je, ni kweli? Dunia inakuwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152. Kama ukaribu ndio ungeamua, Ulaya ingeganda Julai na kuungua Januari. Mambo yako kinyume. Kinachoamua ni mshazari: jua linakupiga kutoka utosini, au linakupiga ubavuni?

Chukua tochi usiku, imulike ardhi kutoka juu. Utaona duara dogo, kali. Ilaze tochi pembeni. Duara limekuwa refu, limefifia. Betri ni zile zile. Jua likiwa utosini, mionzi ya mita mraba moja inatua kwenye mita mraba moja. Likishuka mpaka digrii 30 juu ya upeo, mionzi ile ile inatandazwa kwenye mita mraba mbili. London mwezi Desemba, jua la adhuhuri linafika digrii 15 tu, kwa hiyo inatandazwa kwenye karibu mita mraba nne, na mchana wenyewe, toka jua kuchomoza hadi kuzama, haudumu hata saa nane. Hapo ndipo baridi yao inapotoka.

Kuna kisa cha zamani, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Huko Alexandria, Misri, mtunza maktaba mmoja aliyeitwa Eratosthenes alipata habari kwamba kusini, katika mji wa Syene ambao leo ni Aswan, kuna adhuhuri moja ya mwezi Juni ambapo jua linaingia kisimani mpaka chini, na kuta za kisima hazitupi kivuli. Akangoja siku hiyo. Kwake Alexandria, kivuli kilikuwepo. Akapima pembe yake, akakuta ni sehemu moja ya 50 ya duara zima. Akachukua umbali wa kati ya miji hiyo miwili, akauzidisha mara 50, akawa amepima mzunguko wa dunia bila kupanda chombo chochote. Kivuli tu! Miji miwili, saa moja, jua moja, lakini halisimami sawa juu ya vichwa vya watu.

Na sisi tuna siku zetu za kisima. Kigoma iko digrii tano kasoro kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka: karibu tarehe 8 Machi na karibu tarehe 5 Oktoba. Ndiyo maana tumekutana wiki hii. Mwenye kisima Ujiji au Mwanga akakichungulie leo. Lakini asiende saa sita! Saa zetu zimefungwa kwenye mstari wa longitudo 45, ambao haupiti hata Dar es Salaam. Unapita huko karibu na Mogadishu. Sisi tuko kwenye 29 na nusu hivi, na kila digrii moja ni dakika nne. Tuko nyuma ya saa zetu kwa saa nzima. Waislamu wa Ujiji hawahitaji kuambiwa hili, maana adhuhuri ya hapa na ya Dar hazilingani. Jua la utosi wiki hii linafika saa saba kasoro dakika kumi; la Machi hufika saa saba na dakika kumi na tatu.

Kati ya Machi na Oktoba, yaani miezi saba, jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini. Mafundi ujenzi mlioko hapa, hili ni lenu. Juni 21 jua la mchana linainama digrii 28 kuelekea kaskazini. Upenu wa sentimita 60 siku hiyo unatia kivuli kwenye ukuta wa kaskazini kwa sentimita 110 hivi kutoka upenuni. Inatosha kulifunika dirisha la kawaida. Lakini ukuta wa mashariki na wa magharibi hauokolewi na upenu wowote, kwa sababu asubuhi na jioni jua linaingia kwa ubavu. Geuza nyumba: urefu wake uende mashariki-magharibi, madirisha makubwa yakae kaskazini na kusini. Hapa Kigoma kuna kishawishi cha kuelekeza madirisha yote magharibi ili kuona ziwa. Ziwa zuri, sikatai, ila saa kumi jioni utalipia.

Haya. Mshazari unaeleza tofauti ya Kigoma na London. Haujaeleza miguu yenu. Mchanga na maji viko hapa hapa, mshazari mmoja. Tofauti iko kwenye kile ambacho jua linakikuta.

Kitu cha kwanza ni rangi. Benjamin Franklin wa Marekani, karne ya 18, aliweka vipande vya kitambaa vya rangi mbalimbali juu ya theluji asubuhi ya jua. Baada ya saa chache kipande cheusi kilikuwa kimezama chini kabisa kwa kuyeyusha theluji, vya rangi hafifu vimezama kidogo, cheupe kimebaki juu vile vile. Theluji mpya inarudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga, mchanga mkavu mweupe kama asilimia 35 au 40, msitu asilimia 10 hadi 15. Na maji, jua likiwa juu? Chini ya asilimia 10.

Subirini hapo. Mmesikia nilichosema? Maji yanakunywa jua kuliko mchanga. Ziwa hili, dakika hii, linameza jua zaidi ya ufuko huu. Na bado ndilo la baridi! Inakuwaje?

Inakuwa hivyo kwa mambo manne, na yote manne yanafanya kazi pamoja.

Kwanza, maji ni mazito kupasha. Kupandisha kilo moja ya maji kwa uzi mmoja wa joto unahitaji jouli 4,200 hivi (jouli ni kipimo cha nishati). Kilo moja ya mchanga mkavu inatosheka na 800 hivi. Mara tano. Mama yeyote aliyekaanga karanga kwa mchanga anajua mchanga unavyoshika moto upesi, na aliyeinjika sufuria ya maji anajua kungoja.

Pili, mwanga haupenyi mchanga. Joto lote linabaki juu, kwenye sentimita chache, kisha linashuka polepole mno. Mmewahi kumwangalia mbwa akitaka kulala ufukweni mchana? Anafukua kwanza. Anatupa mchanga wa juu, anafikia ule wa chini, anazunguka mara mbili, analala. Hakusoma, ila anajua kwamba kiasi cha kiganja tu chini kuna hali ya hewa nyingine. Majini ni tofauti. Ziwa letu ni angavu, mwanga unazama mita nyingi, kwa hiyo joto linagawiwa kwa maji mengi tangu mwanzo.

Tatu, maji yanakorogeka. Upepo na mawimbi vinayachukua ya juu yaliyopata joto na kuyachanganya na ya chini. Mchanga haujikorogi.

Nne, maji yanatoka jasho. Kila lita moja inayogeuka mvuke inaondoka na jouli milioni mbili na nusu karibu. Joto hilo halimpashi mtu. Limetumika kugeuza maji kuwa mvuke.

Hili la nne ndilo linaloeleza Oktoba. Nimesema jua linapita utosini mara mbili, Machi na Oktoba. Basi mbona hatulalamiki Machi kama tunavyolalamika Oktoba? Jua ni lile lile, utosi ni ule ule! Oktoba linakuta nini? Linakuta nchi iliyokauka miezi mitano, majani yamekatika, pori limechomwa na ardhi imekuwa nyeusi, mbingu hazina wingu. Hakuna cha kuvukiza, kwa hiyo karibu kila jouli inayoingia ardhini inaishia kupasha udongo na hewa. Machi linakuta mawingu yanayorudisha mwanga, mahindi mabichi na udongo uliolowa. Shamba lililolowa likipoteza milimita nne za maji kwa siku, ni lita nne kila mita mraba, yaani jouli milioni 10 hivi, ambazo ni nusu ya zote zinazoingia kwenye mita hiyo siku ya jua zuri. Nusu nzima ya joto imeondoka na mvuke. Ndiyo maana mvua za Novemba zikishika tu, tunapumua, ingawa jua liko karibu na utosi bado. Na anayechoma pori Agosti anajiongezea Oktoba. Hilo nalisema bila kumung'unya.

Upepo nao ni mtoto wa tofauti hii. Mchana nchi kavu inapata joto haraka, hewa iliyo juu yake inapanuka, inakuwa nyepesi, inapanda. Hewa nzito ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Inaanza kusikika kabla ya adhuhuri na kushika kasi alasiri. Usiku mambo yanageuka: ardhi inapoa upesi, ziwa linabaki na joto lake, hewa baridi inateremka kutoka vilimani kwenda majini. Nyinyi wavuvi mmekuwa mkizitumia pepo hizi mbili miaka yote, mmoja wa kuwatoa na mmoja wa kuwarudisha. Kusi la kiangazi linaweza kuzifunika zote mbili. Mkiona mchana upepo unakataa kutoka ziwani, mara nyingi ni hilo.

Niende upesi kwenye mlima.

Kilimanjaro iko digrii tatu tu kusini mwa ikweta, kileleni ni mita 5,895, ina barafu. Mtoto akauliza: si ndiko karibu zaidi na jua? Kilomita sita kwenye kilomita milioni 150 si kitu. Mkumbuke tulichosema: hewa inapashwa kutoka chini, kama sufuria. Ukipanda unajitenga na jiko. Isitoshe, hewa inayopanda inatanuka, na hewa inayotanuka inapoa. Bonyeza kichwa cha valvu ya tairi la baiskeli, utasikia hewa inayotoka ni ya baridi. Kwa wastani tunapoteza nyuzi sita na nusu kila kilomita moja ya kupanda. Ziwa hili lenyewe liko mita 773 hivi juu ya bahari. Panda hadi vilima vya Manyovu, umepoteza nyuzi kadhaa, na hapo kahawa inafurahi. Mchikichi ukiupeleka huko, unakua kwa shida na unazaa kidogo, maana ni mti wa joto la bondeni. Mawese ya Simbo na Mwandiga na kahawa ya Manyovu ni jua moja, kimo tofauti.

Sasa usiku, maana nusu ya hesabu ya joto inafanyika jua likiwa halipo.

Kila kitu chenye joto kinatoa mionzi isiyoonekana: mchanga, paa, ngozi yako, dagaa kwenye chanja. Mchana kinapokea kuliko kinachotoa. Baada ya adhuhuri mapato yanaanza kupungua, lakini bado yanazidi matumizi, ndiyo maana joto kali la siku linakuja saa tisa au saa kumi na si saa saba. Usiku ni matumizi matupu, mpaka alfajiri, na baridi kali kabisa ni ile ya karibu na kuchomoza kwa jua.

Huko Allahabad, India, karne ya 18, watu walitengeneza barafu bila mashine, mahali ambapo hewa ya usiku haikufikia kuganda. Walichimba mashimo mapana, wakatandika chini mabua makavu ya miwa na mahindi, unene wa kutosha ili joto la ardhi lisipande. Juu yake wakapanga vyungu vipana vyenye maji kidogo tu. Wakachagua usiku mtulivu, mkavu, usio na wingu. Alfajiri wakakusanya utando wa barafu. Maji yale yalikuwa yanamwaga joto lake kuelekea mbinguni, na sehemu nyingine inaondoka kwa mvuke, na hakuna kitu cha kulirudisha. Wingu likipita, kazi imeharibika usiku huo, kwa sababu wingu ni blanketi.

Waliowahi kulala Tabora mwezi wa sita au wa saba wanajua blanketi hilo likikosekana inakuwaje. Uwanda wa juu, mita 1,200 hivi, anga kavu, hakuna ziwa la kurudisha joto. Mchana shati moja, alfajiri koti. Hapa kwetu ziwa linatulinda, na hewa yenye mvuke inashika sehemu ya mionzi na kuirudisha chini. Mwezi hauna hewa kabisa: unapokea jua kama letu, lakini kwenye ikweta yake mchana unafika nyuzi 120 na usiku unashuka chini ya nyuzi 130 chini ya sifuri. Dunia isingekuwa na mvuke na hewa ukaa, wastani wake ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya 15 juu yake. Na blanketi likizidi unene? Unajua mwenyewe ukijifunika mawili Oktoba.

Mama zetu, mkaniambie tena kwamba haya ni ya darasani tu. Tuchukue dagaa.

Kilo nne za dagaa wabichi zina takriban kilo tatu za maji. Kuyatoa unahitaji jouli milioni saba hivi. Mita mraba moja hapa, siku ya jua zuri, inapokea kama milioni 20, na kwenye chanja tuseme theluthi moja ndiyo inafanya kazi ya kukausha. Hesabu inakubali: kilo nne kwa mita mraba, siku moja. Ukiweka kilo nane, hujaokoa nafasi. Umewalaza dagaa wakiwa wabichi.

Kwa nini chanja na si mchanga? Mchanga una joto zaidi, si ndiyo? Ndiyo, na hapo ndipo kosa. Kukausha kunahitaji joto na hewa. Dagaa aliyelala kwenye mchanga wa nyuzi 50 anapikika upande wa chini, ngozi inakakamaa, maji ya ndani yanakosa njia, mafuta yanatoka, na mchanga unaganda. Vivyo hivyo kwenye bati. Nje mkavu, ndani mbichi. Siku ya tatu gunia linanuka. Chanja iwe kimo cha mita moja, juu wavu, dagaa tabaka moja tu, wageuzwe mara tatu au nne, zaidi asubuhi. Upande mrefu uelekee kaskazini-kusini ili upepo wa ziwa uupige kwa upana. Jioni, kabla jua halijazama, wakusanye au uwafunike kwa turubai. Wangapi hapa wameacha dagaa wazi usiku wakasema hakukunyesha? Hakukunyesha, lakini dagaa walimwaga joto kuelekea mbinguni kama vile vyungu vya Allahabad, wakawa baridi kuliko hewa, umande ukawaangukia. Turubai linafanya kazi ya wingu. Dagaa aliyekauka ukimkunja anavunjika, akipinda, mrudishe.

Kwa wenye paneli za sola, neno moja: paneli inataka mwanga, haitaki joto. Kila uzi unaozidi 25 unakula karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Paneli ya wati 100 ikifika nyuzi 60, inabaki na 86. Msiilaze juu ya bati. Acheni nafasi ya sentimita kumi chini yake hewa ipite, na iinamishwe digrii 10 kuelekea kaskazini ili mvua iioshe.

Nimalizie na ziwa. Lina kina cha mita 1,470, la pili duniani. Juu maji yana nyuzi 26 hivi, chini kabisa 23 na ushee. Tofauti ya nyuzi tatu ni ndogo, lakini kwa maji ya joto kama haya inatosha kuyafanya ya juu yaelee kama mafuta. Chakula cha samaki kimelala chini, na chini ya mita 100 hadi 200 hakuna hewa ya kupumua. Kusi la Mei hadi Septemba linasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na huko kusini ya chini yanapanda na rutuba yake. Maji ya juu yakizidi kupata joto, upepo ule ule unashindwa kuyakoroga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ndivyo ilivyotokea katika karne iliyopita, na ukakadiria kuwa uotaji wa mimea midogo ya majini umepungua kwa asilimia 20 hivi, na samaki huenda asilimia 30. Sitawadanganya: nyavu za matundu madogo na wingi wa mitumbwi navyo vimo. Lakini hata siku tutakapoacha nyavu hizo, joto la juu litakuwa bado liko pale.

Sasa ni saa saba kasoro robo. Zimebaki dakika tano jua lifike utosini. Kijana, simika kasia hapo wima, tuone kivuli kinavyokwisha. Na wewe binti uliyekaa mbele, nenda kwenye mabeseni. Usivitoe vipimajoto, inama uvisome vikiwa humo humo, maana ukivitoa tu vinabadilika. Anza na mchanga. Sema kwa sauti.